Paka wa Kifua Cheupe

Panya walipomaliza mahindi yake ya mbegu, Eugénie alitafuta paka. Alikuwa mjane kutoka Kivu Kusini, akilima shamba dogo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Paka jike aliyempata alifanya kazi yake vizuri, na mwaka huu akazaa mara ya pili, watoto wanne, nyuma ya magunia.

Habari ikamfikia Jaliah, mfanyabiashara wa Mbarara aliyenunua mahindi ya Eugénie kila mavuno. Ghala lake katika mtaa wa Kamukuzi lilikuwa limejaa panya. Akaja na boksi lenye matundu. Watoto walikuwa na wiki tano. Mmoja, mwenye kifua cheupe, alikuwa akilamba uji kwenye kisahani.

"Huyu ndiyo yangu," Jaliah alisema akimwinua.

"Hapana, Mama Mahadi," Eugénie alimjibu. "Angali mudogo. Urudi mwezi na nusu ikiisha."

"Lakini nakula! Mimi nimeona na macho yangu, Mama Orpa."

"Anakula, ndiyo. Lakini mama yake angali anamufundisha mambo mingi."

Eugénie alijua alichosema. Katika uzao wa kwanza alimpa jirani yake Ladislas mtoto wa mwezi mmoja, kwa kuona haya kumnyima. Kitoto kikalia siku tatu, maziwa ya ng'ombe yakakiharisha, kikafa. Ladislas hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Jaliah akaondoka na boksi lake tupu, bila kuaga vizuri. Eugénie akabaki na moyo mzito, maana mnunuzi mwema haokotwi njiani. Mara mbili alishika simu ampigie, mara mbili akaiweka.

Siku zikaenda. Akichambua maharage, aliwatazama wale paka. Mwenye kifua cheupe alimng'ata ndugu yake kwa nguvu, mama akamzaba kofi. Baadaye akajifunza kung'ata kwa mchezo. Mama akaleta panya aliyekuwa bado hai, akamwachia mbele yao, akakaa pembeni. Walipokaribia miezi mitatu, akaanza kuwakoromea kila walipotafuta ziwa. Eugénie akaona kwamba mwenye watoto ametoa ruhusa.

Akamtia kifua cheupe kikapuni pamoja na kitambaa alicholalia mama, akapanda gari la Mbarara.

Jaliah alimpokea ghalani. Alimnyooshea mikono iliyojaa mikwaruzo.

"Nilipata ingine, ndogo sana. Nauma kila mtu. Panya ikipita, yeye nakimbia."

Nyuma ya magunia macho mawili yalikuwa yakiwatazama. Eugénie akafungua kikapu. Mgeni akanusa, akasogea. Yule mwoga akamrukia, akamng'ata sikio. Kifua cheupe akalia, akamzaba kofi moja, kisha akakaa palepale akimngoja. Baada ya kitambo akaanza kumlamba kichwa.

"Huyu atafundisha ingine?" Jaliah aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui, Mama Mahadi. Tubaache tuone."

Wiki mbili baadaye Jaliah alipiga simu. Paka wote wawili walikuwa wakilalia kitambaa kimoja, na yule mwoga alikuwa amekamata panya wake wa kwanza.

"Unisamehe kwa ile siku," alisema. Kisha akauliza: "Na mama yake, yeye bado natafuta mtoto?"

Eugénie akachungulia uani.

"Alimuita siku moja tu. Sasa amelala ku jua."