Nusu ya Firigisi

Nyumbani kwetu Mtinko kulikuwa na sahani moja ya bati ambayo hakuna aliyeigusa isipokuwa mdogo wangu wa kiume, aliyeilia chakula, na mimi niliyeiosha. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliyeachiwa ukoo mikononi baada ya baba kufariki, alisema siku moja tu, "Huyu mpeni chombo chake," na ikawa sheria. Hakuna aliyeuliza mpaka lini.

Mdogo wangu alikuwa na soriasisi. Jina hilo tulilipata baadaye sana. Kabla yake tulikuwa na majina yetu: ukurutu, ukoma, mkono wa mtu. Viwiko, magoti na kichwa vilikuwa na ngozi nene nyekundu iliyobanduka magamba meupe, na kila asubuhi nilikuwa nayafagia chini ya kitanda chake. Watoto wa jirani walimwita samaki. Kanisani benchi zima lilikuwa lake, akawa anasema anakaa kama askofu. Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Mimi nina hasira za karibu, hilo kijiji kizima kinajua.

Mwisho nilimpeleka Dodoma kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mtu mzima. Akaushika mkono wa mdogo wangu kwa mkono wake mtupu, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya. Jamani, nilitaka kulia palepale. Wakampima damu, wakampiga picha ya kifua, kifua kikaonekana safi, akaandikiwa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki.

Kisha daktari akanigeukia mimi. "Ugonjwa huu hauambukizi. Hata mlale shuka moja, haumpati mtu. Ila yeye ndiye anayeambukizika kirahisi. Ngozi ikipasuka, vijidudu vinapata mlango. Na hizi dawa zinaituliza kinga ya mwili iache kuishambulia ngozi, sasa kinga ikitulia, magonjwa mengine yanapita. Anayekohoa asikae naye. Akipata homa mleteni hospitali, msikae naye nyumbani mkimpa panadol."

"Daktari," nikamwambia, "nani atamkoholea huyu? Watu hata mkono hawampi."

Dawa ilimkubali. Magamba yakapungua, halafu yakaisha, zikabaki alama tu kama za mtu aliyeungua zamani. Akaanza kuvaa mikono mifupi. Na watu nao, weee! Waliokuwa wanamsalimia kutoka barabarani wakaingia mpaka uani. Vijana wakaanza kumwita kwenye mpira. Kanisani benchi likajaa. Nilifurahi, siwezi kusema uongo, ila nilikuwa namsikiliza kila mtu kifua kabla sijamkaribisha kiti.

Wakati wa kuvuna alizeti, baba mkubwa akarudi kutoka machimboni. Alikuwa anasimamia karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na amekonda mpaka shati linamning'inia. Anakohoa. "Vumbi la karasha," alisema, "litaisha nikinywa maziwa."

Tukamchinjia jogoo. Firigisi, kama kawaida, ni ya mkubwa wa nyumba. Tangu baba afariki hakuna mwanamume mwingine aliyeonja firigisi pale kwetu. Baba mkubwa akaitoa kwenye bakuli, akaing'ata nusu, akakohoa, akamtazama mdogo wangu aliyekuwa pembeni na sahani yake. "Njoo hapa, baba. Acha hiyo sahani. Kula na mimi." Akamnyooshea ile nusu iliyobaki.

Mama akaanza kufuta machozi kwa khanga. Mimi nikasema, "Baba mkubwa, samahani sana, daktari alisema mtu mwenye kikohozi—"

"Wewe mtoto!" Alinikatiza. "Mimi ndiye ninayejitoa kula na mgonjwa, halafu wewe unanikataza?"

Mama akaniambia kwa Kinyaturu ninyamaze. Mdogo wangu alikuwa ameshahama, magoti yake yanagusana na ya baba mkubwa, anatafuna. Sijawahi kumwona na uso ule.

Nikamfuata baadaye kwenye zizi. Nikamwambia kile kikohozi si cha vumbi, vumbi gani linamkondesha mtu namna ile? Nikamwambia ampishe, alale jikoni, asingizie chochote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, nimekuelewa," akasema. "Lakini usinirudishe kwenye ile sahani."

Baba mkubwa alikaa kwetu mpaka alizeti ikaisha kupepetwa. Walilala chumba kimoja, kwa kuwa baba mkubwa hakutaka kusikia habari ya chumba kingine. Mimi kila siku nafungua dirisha, yeye analiziba kwa gunia, anasema upepo wa Singida unamuua. Nilimbembeleza twende zahanati akakataa katakata. Watu wakanisema: ndugu mtu ndiye sasa anambagua mwenzake.

Mdogo wangu alianza homa za jioni baba mkubwa akiwa ameshaondoka. Akawa analowesha shuka kwa jasho. Nilimkimbiza hospitali ya mjini, kikohozi kikiwa bado kidogo. Wakasema kifua kikuu. Wakamsimamishia vidonge vya ngozi, wakamwanzishia vya kifua, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani. Magamba yakarudi mwili mzima kama yalikuwa yanasubiri mlangoni. Nilimuuliza daktari kama ilikuwa ile firigisi. Akasema hapana, si chakula wala sahani, ni pumzi. Ni kulala na mwenye kikohozi kwenye chumba kilichozibwa. Mdogo wangu akafa hatujui tena kama anatusikia.

Waliomwosha walivaa glavu, wakanawa mpaka viwikoni.

Mhudumu wa afya alipokuja kupima makohozi ya wote waliolala nyumba ile, mama alikuwa mzima, mimi mzima. Baba mkubwa, aliyekuwa amekuja kukaa matanga, akakutwa na kifua kikuu, na picha ikaonyesha ni cha siku nyingi, mapafu yameliwa. Nikasema haya sasa, leo ukweli umesimama wenyewe. Thubutu! Shangazi zangu wakashika vichwa: "Mnaona? Si tulisema ule ugonjwa wa marehemu unaambukiza! Kala naye, umempata!" Nikaeleza picha ya kifua ya Dodoma, nikaeleza karasha, nikapaza sauti mpaka nikakaukiwa. Wakasema msiba umenichanganya.

Baba mkubwa alimeza dawa zake zote na amepona. Amenenepa, anauza mbuzi. Juzi nimekutana naye mnadani. Moyo wangu ulikuwa na maneno ya kumvua nguo mbele ya watu, lakini aliyenizaa alinifundisha, nikapiga goti. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akaniinua, akanishika bega, na macho yake yalikuwa na huruma kabisa. "Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi na mimi. Marehemu nilishamsamehe."