Mashahidi Watatu Wamkana Mkandaji wa Likombe

Ni saa tatu asubuhi. Chumbani, Bi Mwanakombo binti Fikirini anamkanda mgongo mama mmoja aliyekuja kwa miguu tangu Mikindani. Mwandishi wa habari hizi hayaoni hayo, maana ameamriwa akae nje uani na ageuze uso.

Hayaoni, lakini anayasikia. Kati ya uani na chumba pana ukuta wa makuti tu, na makuti yenyewe yamekwisha oza. Yule mama anasema jambo la mumewe, kisha analia. Bi Ashura, wifi yake Mwanakombo, ambaye alikuwa akitwanga mahindi hatua tatu tu kutoka hapo, ameacha kutwanga ili asikose neno.

Mgeni akishaondoka, Mwanakombo anatoka akijifuta mafuta ya ufuta kwenye viganja.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Mwanakombo."

"Yote?"

"Yote."

"Basi usiniulize tena kwa nini nahangaikia chumba."

Ana miaka arobaini na minane, na kazi hii ameifanya ishirini na miwili. Alifundishwa na shangazi yake huko Mikindani. Wanawake humjia na migongo, na viuno, na usingizi uliowapotea. Yeye hukanda, na wao husema.

"Mgongo ndio unaomleta mtu," anaeleza. "Kinachomuuma kiko kwingine. Hakitoki mpaka awe amelala kifudifudi, hanioni uso. Mimi sisemi kitu. Nakanda tu, nasikiliza. Akimaliza, anajifunga kanga zake, anakwenda kupika."

Sharti lake ni moja, na kila mgeni huambiwa siku ya kwanza: ukivuka kizingiti kutoka, hunijui nami sikujui. Tukikutana kisimani, pita. Ukiulizwa, kana.

Kwa sharti hilo alipata wageni hata ishirini kwa juma alipokuwa na nyumba yake. Mumewe alipofariki miaka miwili iliyopita, akahamia hapa kwa kaka yake, na maneno yaliyosemwa chumbani yakaanza kurudi kwa wenyewe kutoka kisimani. Siku hizi wageni ni sita, wakizidi sana ni saba.

"Nusu ya siri za Likombe zimetokea kwenye kinu kile," anasema, akikionyesha kwa kidevu. Bi Ashura anajifanya hakusikia, jambo ambalo kwake ni geni.

Ndipo likaja tangazo. Huko Mtwara mjini, ambako bandari mpya imeleta watu wa kila namna, kumejengwa vyumba vya mawe nyuma ya soko kwa wenye kazi ndogondogo. Fundi saa amepata. Mshona viatu amepata. Kimebaki chumba kimoja, chenye kuta nene na mlango wa mbao. Anayekitaka apeleke mpango wa kazi yake kwa maandishi katika ofisi ya soko, na mwisho ni Jumatatu.

Mpango. Kwa neno hilo Mwanakombo anavuta pumzi ndefu.

Mara ya kwanza aliuandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, kwa hati nzuri kabisa. Ukarudishwa, ofisi inasoma herufi za Kizungu. Akamwendea Bwana Muhidini, mzee mwenye taipureta pale sokoni, naye akamchapia upya. Ukarudishwa tena. Penye "Kazi" alikuwa ameandika kukanda na kusikiliza, na karani akasema kusikiliza si kazi, afute.

"Nikamwambia, mwanangu, mbona kadhi analipwa, naye kutwa kucha anasikiliza? Akaniambia nisilete ubishi ofisini."

Akafuta. Penye "Vifaa" akaandika mkeka, mafuta, mikono miwili. Karani akakata mikono. Penye "Bei" akaandika kila mtu hutoa alichojaliwa. Karani akataka tarakimu, na Bwana Muhidini, aliyekwisha choka, akachapa senti hamsini bila kumuuliza mtu.

Haya, yote hayo yalipita. Likabaki la mwisho: watu watatu waliotibiwa, majina na wanakoishi.

Hapo Mwanakombo hakulala siku mbili. Hajawahi kumtaja mgeni wake hata kwa kaka yake. Mwishowe akawaendea watatu anaowaamini, akawaomba ruhusa. Wote wakakubali. Taja tu, wakasema, sisi na wewe kuna nini.

Ofisi ikamtuma tarishi Bakari na daftari. Tarishi mwenyewe hana ubaya, ila ana sauti ya mwadhini. Kwa shahidi wa kwanza alisimama mlangoni, mama mkwe wa mtu amekaa pale pale barazani, akauliza: "Wewe ndiye mgonjwa wa Mwanakombo?" Yule akajibu hamjui. Wa pili alikutwa kisimani katikati ya wenzake. Naye hamjui.

Kwa wa tatu ndiko kulikoharibika kabisa. Mwanakombo mwenyewe alikuwa amekwenda kumjulia hali, wako wawili kwenye mkeka, wanamenya muhogo. Tarishi akauliza.

"Mwanakombo?" akasema mwenye nyumba, kisu mkononi. "Simjui."

Tarishi, asiyemjua Mwanakombo kwa sura, akamgeukia aliyekaa naye. Akamuuliza yeye je, anamjua huyu mwenye nyumba? Na Mwanakombo, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, akajibu: "Hata mimi simjui."

"Mdomo ulijibu wenyewe," anasema sasa, mikono kichwani. "Nakula muhogo wake, halafu simjui. Bakari akaandika, akatushukuru, akaenda zake."

Mpango ukarudi jana na mstari mmoja wa wino mwekundu: mashahidi hawamtambui mwombaji. Chumba kinatakwa pia na muuza baiskeli, na mashahidi wake wanamtambua vizuri sana.

"Nimewafundisha mwenyewe," anasema. "Nimlaumu nani? Wamenitii mno, ndilo kosa lao. Na sitamwambia hata mmoja asimame mbele ya karani aseme alilonililia. Bora nikose."

Bado anasema hayo, mtu anabisha hodi. Anaingia mama mwembamba mwenye kanga iliyopauka, anaketi bila kukaribishwa. Ndiye shahidi wa tatu, yule wa muhogo. Mwandishi anageuza uso kama alivyoamriwa.

"Geuka, bwana, nakutaka wewe pia," anasema. "Dada Mwanakombo, Jumatatu nakwenda ofisini."

"Huendi. Tuliagana nini siku ya kwanza?"

"Tuliagana unitunzie siri. Umenitunzia miaka minne. Lakini siri ni yangu, dada, si yako. Nikitaka kuitoa, naitoa."

Kinu cha Bi Ashura kimenyamaza tena, na safari hii hakuna anayejali.

"Andika," mama anamwambia mwandishi. "Nilizika watoto wawili mwaka mmoja. Nikawa sili, sisemi, mume wangu akadhani nimerukwa na akili. Nililala kwenye mkeka wa huyu siku arobaini kabla sijatoa neno, na hakuniuliza hata siku moja. Hiyo ndiyo kazi yake. Kama karani hana pa kuiandika, aandike pembeni."

Mwanakombo anajifuta macho kwa mkono wenye mafuta, yanamwasha, anakasirika.

"Haya, twende," anasema. "Lakini mimi nitakaa nje ya ofisi. Utakayoyasema humo si yangu kuyasikiliza. Tukipata chumba, nitaanza na mlango, niutie komeo. Tusipopata, nitahamisha kinu."

Mama, ambaye gazeti hili limemficha jina mpaka hapa, anasimama, anajifunga vizuri kanga yake, kisha anamrudia mwandishi.

"Usiandike mama mmoja," anasema. "Andika Hamisa binti Salumu, wa Likombe. Andika kwamba namjua."