Aliyefungwa Anampisha Mwenzake

Muuzaji alinishikisha toleo jipya la gemu ya mpira, bado limo ndani ya nailoni. Harufu ya nailoni ile naijua. Kule kijijini Nkoaranga, utotoni, mwenye kibanda cha gemu alizivalisha pedi zake za kuchezea nailoni, maana watoto tulikuja tukitoka kumenya kahawa, mikono inanata ute. Na aliyefungwa aliinuka kumpisha mwenzake anayesubiri zamu.

Siku moja ya mvua tulikuwa wawili tu, mimi na dada yangu. Akanifunga. Nikainuka kwenye benchi kwa mazoea.

“Sasa unampisha nani?” akacheka. “Kaa, tucheze tena.”

“Kaka, unachukua?” muuzaji aliuliza. “Hii tamu mkicheza wawili.”

Dada wa kucheza naye sikuwa naye tena. Niliirudisha kaunta, nikasogea kando kumpisha anayefuata. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.