Aliponiuliza Kulwa Yuko Wapi

Nakumbuka asubuhi moja nilivyong'ang'ania kiti katika chumba cha muuguzi hapo mjini Tabora, nikakataa kutoka. Nakuona na wewe, mwanangu wa hapa jirani, umeikunja barua ya mwalimu mpaka inaenea kwenye kiganja. Wanataka mwanao aonane na mtu wa ushauri, nawe unajiuliza huyo mtu anatafuta nini nyumbani kwako. Nakuelewa. Kwa kushuku watu, hunishindi.

Nilijifungua mapacha, mabinti wawili, na kama ilivyo desturi yetu, wa kwanza akaitwa Kulwa, wa pili Dotto. Tulikuwa tunalima karanga na viazi vitamu kijijini kwetu Ntalikwa. Walipofika miaka minane Kulwa alishikwa na homa, na siku ya tatu akatutoka. Dotto tulikuwa tumempeleka Ziba kwa shangazi yake, hakuyaona mazishi. Mama mkwe wangu akasema mtoto asiambiwe kabisa, maana pacha akijua mwenzake amekufa, humfuata. Nikakubali. Siku zile ningekubali lolote, ili mradi nibaki na mmoja. Dotto aliporudi tukamwambia Kulwa amehamia Choma, anasoma kwa ndugu zetu. Majirani nao wakaonywa wachunge midomo.

Dotto hakuuliza kitu. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini mimi nilishukuru Mungu. Kisha akaanza kunyamaza. Nikimwekea michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, anakula nusu, nusu anaisukuma pembeni ya sahani. Baadaye hata hiyo nusu akawa haimalizi, na gauni likawa linamdondoka mabegani. Nikamshuku jirani kwamba amemroga. Nikamshuku mke wa shemeji. Nikamshuku hata mwalimu wa kwaya, eti kwa nini anampenda mno. Zahanati wakanambia mwili hauna ugonjwa, nimpeleke mjini kwa muuguzi wa afya ya akili anayeonana na watoto siku za Alhamisi. Mimi nikasikia wananiambia mwanangu ni kichaa.

Tena nililelewa kushuku wageni. Bibi yangu, aliyenikuza kando ya njia ya zamani ya misafara ya watumwa, alitufundisha kwamba mgeni akimuuliza mtoto jina, mtoto asijibu, aseme kamuulize mama. Na yeye alifundishwa na bibi yake, aliyeona kwa macho yake watu wakipitishwa pale wasirudi. Mapacha wangu nao niliwafundisha hivyo hivyo.

Basi tukaingia. Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia mtoto. "Hujambo, mrembo? Unaitwa nani?"

Dotto akanitazama. Nikamjibia, "Anaitwa Dotto."

"Dotto! Na Kulwa yuko wapi?"

Mtu yeyote wa Tabora angeuliza vile. "Yuko Choma," nikasema, haraka mno, na Dotto akainamisha kichwa. Muuguzi aliona. Akaniomba niwapishe.

"Niwapishe niende wapi? Huyu ni wangu."

"Kaa benchi la nje, mama. Mlango nauacha wazi, utamwona. Ila hutasikia."

Nilitoka shingo upande, nikakodoa macho. Walikuwa wanachora tu. Ni nani anayemtoa mama mtu nje ili achore na mtoto? Njiani nikambana mtoto: amekuuliza nini, umemjibu nini, amemtaja Kulwa? Akageuza uso. Alhamisi ya pili nikambana zaidi, mpaka akalia njia nzima. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, na bado naona aibu kukusimulia. Ya tatu nikamvaa muuguzi mwenyewe, anieleze mtoto kasema nini.

"Hayo ni ya Dotto," akanijibu taratibu. "Ingekuwa jambo la kumdhuru, ningekwambia saa hiyo hiyo. Lakini wewe, mama, unaogopa aseme nini?"

Nilikasirika kwa sababu nililijua jibu. Nikamshika Dotto mkono, nikasema tunaondoka na haturudi tena. Mtoto akauvuta mkono wake.

"Mama, kaa," akasema. Miezi minne sikuwa nimesikia sauti yake ikinena maneno mawili mfululizo. Nikakaa.

"Kabla sijaenda Ziba watu walikuwa wanakuita Mama Kulwa. Niliporudi, wote wanakuita Mama Dotto. Hata bibi."

Tulionya watu wote wasiseme, na wote walikuwa wamesema, kila walipokuja kunisalimia.

"Najua Kulwa amekufa," akaendelea. "Nilinyamaza ili wewe usilie."

Nililia, mwanangu, mbele ya muuguzi, kamasi na machozi. Mtoto wa miaka minane alikuwa amebeba msiba peke yake kwa ajili ya kunilinda mimi. Juma lile nikampeleka kaburini. Hakupona siku ile, usidhani. Tulirudi Alhamisi nyingi, na njiani nikajifunza kuzungumzia karanga na mvua. Kidogo kidogo sahani ikaanza kurudi tupu.

Kwa hiyo sikwambii uache kushuku. Nenda ukamkague huyo mtu wa ushauri: muulize amesomea wapi, hakikisha mlango hautiwi komeo, na ukiona baya mchukue mwanao. Lakini ukishamaliza kumshuku yeye, jishuku na wewe. Jiulize kuna neno gani humo ndani unaloogopa mtoto alitoe. Na akitoka usimbane njiani. Mwache aje nalo mwenyewe, hata likichelewa.

Dotto sasa ana watoto wake. Nami siku ile aliposema yale, niliporudi Ntalikwa nilipita nyumba kwa nyumba, nikawaomba watu waniite kama zamani. Ndiyo maana na wewe umeniita Mama Kulwa tangu ukiwa mdogo, na hujawahi kumwona Kulwa.

Haya, inyooshe hiyo barua. Mungu akupe masikio mapana na ulimi mzito, amfungue mwanao kinywa, na siku atakaposema, akukute umekaa.