Foko ya Mwalimu

Nilizaliwa katika nyumba za polisi Nsambya, kwa hiyo Kiswahili kwangu si lugha ya darasani. Baba alitukemea kwa Kiswahili na mama akatuitia chakula kwa Kiswahili, ingawa wote wawili walitoka kaskazini na kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao. Watu wengi hapa Kampala wakikisikia huwaza askari na vizuizi vya barabarani. Mimi nikikisikia huwaza sauti ya mtu mmoja, fundi wa kuunga vyuma kutoka Kongo, ambaye nilifanya naye kazi miaka sita huko Kyebando, na ambaye nilimkosea.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza baiskeli za barabara za vumbi. Ukiiona kwa mbali utadhani ni ya mashindano ya lami, maana usukani wake umejikunja chini kama pembe za kondoo dume. Lakini tairi zake ni nene na zina meno, na fremu imeachiwa nafasi ya matope kupita. Siku hizi za kiwandani zinapatikana. Wakati ule sisi tulichagua fremu kuukuu za chuma kwenye mitumba, tukazikata, tukazipanua, tukaziunga upya. Mimi nilipima, nilisuka spoku za magurudumu, nilifunga breki na cheni, nilipaka rangi. Kukata na kuunga kulikuwa kwake. Aliunga kwa shaba na gesi, si kwa umeme.

“Chuma cha baiskeli ni chembamba,” alinieleza wiki ya kwanza. “Umeme unakitisha. Shaba inakibembeleza.”

Alikuwa amenizidi miaka kumi na tano hivi. Mimi nilimwita Mzee, yeye akaniita mdogo wangu. Mchana tulikula kwake, nyumba ya tatu kutoka karakana, na mkewe alikuwa na desturi ya kunijazia sahani mara ya pili bila kuniuliza. Mzee alikuwa Msabato. Ijumaa jua likianza kushuka alifunga mitungi ya gesi, akanawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka viwikoni, akaenda zake. Jumamosi hungemwona akishika hata bisibisi.

Jambo moja alilikataza tangu mwanzo. Pale chuma kinapokutana na chuma, shaba yake iliacha uvimbe mdogo mviringo, kama shavu la mtoto. Mimi niliona unaharibu umbo, nikataka kuusawazisha kwa tupa kabla ya kupaka rangi. Akaninyang’anya tupa.

“Huo si uchafu,” akasema. “Huo ndio unaoshika. Ukiukata kwa ajili ya urembo, umemkata mtu shingo.”

Nilielewa. Nataka hilo lijulikane: nilielewa vizuri sana.

Mteja aliyetusumbua kwa wema alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa Kenya aliyekuwa akifundisha shule moja karibu nasi. Katika kundi letu la waendeshaji hapakuwa na mtu wa kumfikia. Alipanda vilima akiwa anaongea. Alitaka baiskeli ya mbio za matopeni, zile ambazo mnazunguka kiwanja kimoja raundi baada ya raundi, na njiani mmewekewa mbao za kuruka na vilima visivyopandika. Ukifika hapo unashuka, unaitupa baiskeli begani, unakimbia nayo, kisha unapanda tena bila kusimama. Tulimtengenezea moja ya rangi ya kijani kibichi. Mzee alimtengenezea hata foko, ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, kwa sababu hatukupata ya upana tuliotaka. Ilimchukua siku nne. Sijawahi kuona foko nzuri kama ile.

Mbio zilikuwa Jumapili. Jumamosi mchana mwalimu akaja na tairi mpya alizoletewa na ndugu yake kutoka Nairobi, nene kuliko zile tulizopimia. Nikaifunga ya mbele, nikazungusha gurudumu. Likakwaruza. Ndani ya foko, juu kabisa, tairi ilikuwa ikigusa shaba pande zote mbili.

“Basi nitumie zile za zamani,” mwalimu akasema. “Si neno, fundi.”

“Mvua imenyesha wiki nzima,” nikamjibu. “Zile zitateleza. Niachie. Njoo jioni utaikuta tayari.”

Mzee alikuwa kanisani. Ningeweza kungoja nimuulize. Ningeweza kumrudishia mwalimu tairi zake za zamani, kama alivyosema mwenyewe. Lakini waendeshaji wa mji mzima wangekuwa pale kesho yake, na mimi nilitaka waione kazi yetu ikiwa na tairi zile nene, ikipita matopeni kama trekta wakati wao wanateleza. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi.

Nikafunga foko kwenye jiriwa, nikachukua tupa ya nusu mviringo. Shaba ni laini, haikunichukua muda. Niliposawazisha upande mmoja, nikaona umebaki mstari tu wa njano kati ya chuma na chuma, na mkono wangu ukasita. Kisha nikasawazisha na upande wa pili. Nikapiga rangi ya kijani juu yake, nikaianika juani. Jioni mwalimu alipokuja, gurudumu lilikuwa likizunguka bila sauti.

Asubuhi Mzee alikuja kutazama, amevaa shati jeupe, mkewe ubavuni. Hakuwa mtu wa kuja kwenye mbio. Alikuja kwa ajili ya ile foko. Alisimama kwenye mteremko unaoshukia bondeni, mahali ambapo baiskeli hupita kwa kasi, na kila mwalimu alipopita alimwonyesha mkewe kwa kidole.

Raundi ya tatu, mwalimu akiwa mbele ya wote, foko ilikatika. Nilisikia mlio mmoja mkavu. Gurudumu la mbele likaenda peke yake, na yeye akaanguka uso kwanza juu ya usukani.

Meno mawili ya mbele yalitoka. Mdomo wa juu ulipasuka, na kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Mke wa Mzee alivua kitenge chake cha juu akamkandamizia usoni, na mimi na mtu mwingine tukampandisha kwenye gari la mzazi mmoja wa shule ile, akapelekwa hospitali.

Niliporudi nilimkuta Mzee amepiga magoti matopeni, shati jeupe limeharibika, ameshika vipande vya foko. Vilikuwa vimejaa tope, na rangi ilikuwa imefunika alama za tupa.

“Imeachia kwenye kiungo,” akasema. “Ni mkono wangu.”

Nikainama nikaokota gurudumu.

“Mdogo wangu, hukuigusa?”

“Hapana, Mzee. Nilipaka rangi tu.”

Akaamini. Hakunitazama hata machoni kuhakikisha. Nikamwambia nipe nivibebe, nikavichukua, na nilipofika nyumbani nikavitumbukiza katika shimo la choo. Kesho yake akaviuliza. Alitaka kuviosha avitazame vizuri. “Nione kosa langu, nisilirudie,” alisema. Nikamwambia niliviacha kiwanjani, labda wakusanyaji wa vyuma chakavu wamevichukua. Akaenda mwenyewe mpaka kiwanjani, akazunguka kwenye majani na fimbo. Mimi nilikuwa karakana nikisuka gurudumu.

Mwalimu alipotoka hospitali tulikwenda kumwona pamoja. Mzee alibeba kuku na papai. Mwalimu alitukaribisha kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye plasta, akatuletea chai. Mara Mzee akainuka kitini, akapiga magoti mbele yake, mtu wa umri wa baba yake, akasema, “Madamu, nilikuunganishia kifo. Nisamehe.” Mwalimu alilia. Alimshika bega amwinue, akawa anasema, “Mzee, inuka, tafadhali, ajali ni ajali, inuka.”

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nikanywa.

Baada ya mwezi Mzee aliacha. Nilimwona akianza kiungo, akikipasha moto, kisha akizima gesi na kukaa. Alirudia kiungo kimoja mara tatu, mara nne, mpaka chuma kikaungua. Siku moja akakunja vitu vyake. Alisema hataunga tena kitu kinachobeba mtu. Yeye na mkewe wakahamia Ggaba, na nikasikia anatengeneza nyavu za waya za kubanikia samaki. Watu walinipa pole kwa kupoteza fundi, wengine wakaniambia afadhali ameondoka kabla hajaua. Nilizikubali pole zote mbili.

Miaka minne ikapita hivyo. Nilianza kuagiza fremu zilizo tayari, nikawa nafunga vifaa tu, na jina langu likakua. Sitasema kwamba sikulala. Nililala. Nilikula. Jambo lenyewe lilikuja siku za mvua tu, au nikishika ile tupa, na nikaona dawa ni kununua tupa nyingine.

Kisha mwalimu akarudi. Meno ya bandia yalikuwa yamemkaa vizuri, na alitaka kuanza tena. Alikaa kwenye kile kiti cha karakana, akaulizia fremu hii na ile, halafu akasema kwa upole kabisa, “Lakini foko iwe ya kiwandani, fundi. Usinielewe vibaya. Yule mzee nilimsamehe, ila watu wakiniuliza huwa nawaambia wasimpe kazi.”

Sijui kwa nini neno hilo ndilo lililonivunja, baada ya mengine yote. Nilimwambia. Nilimwambia tangu tairi mpaka choo, nikiwa nimesimama, na spana mkononi.

Mwalimu akainuka kitini.

“Alipiga magoti mbele yangu,” akasema. “Na wewe ulikuwa umekaa pale unakunywa chai yangu.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Yeye anajua?”

“Hajui.”

Akachukua mkoba wake. “Mimi usiniombe kitu leo. Kwanza nenda kwake. Nitampigia mkewe simu Jumatatu, na kama atakuwa hajasikia kutoka kwako, atasikia kutoka kwangu.”

Nilikwenda Jumapili. Nilimkuta Ggaba nyuma ya soko, chini ya bati, anasuka waya. Alikuwa amevaa miwani minene, na nywele zilikuwa nyeupe zote. Mkewe alikuwa pembeni anapanga samaki kwenye beseni. Walifurahi kuniona. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Mama yule alianza kufuta kiti.

“Sitakaa, Mama,” nikasema. “Nimekuja na neno baya.”

Nikalisema. Mkono wa mama ukasimama juu ya kile kiti. Mzee hakuacha kusuka mpaka nilipofika kwenye tupa.

“Tupa gani?” akauliza.

“Ya nusu mviringo.”

“Ulisaga pande zote mbili?”

“Zote mbili. Kwa ndani.”

“Ikabaki kiasi gani?”

Nikamwonyesha kwa kucha. Hakikuwa kitu.

“Lakini ilizunguka raundi tatu,” akasema polepole. “Na hiyo shaba kidogo.”

“Raundi tatu, Mzee.”

“Basi ilikuwa imeshika.”

“Ilikuwa imeshika sana.”

Akavua miwani, akaiweka juu ya waya. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Mkewe ndiye aliyesema, na hakupaza sauti. “Ulikuwa unakula kwangu. Huyu alikuwa akiamka ananiambia mikono yake ina laana, na wewe ulikuwa unakula kwangu.”

Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakabaki mawili tu. Kisha nikasema jambo la kijinga, kwamba karakana bado ipo, mitungi ipo, arudi, tuanze upya.

“Macho yamekwenda,” Mzee akajibu. “Kiungo kinataka macho. Ile miaka minne ndiyo ilikuwa ya mwisho ya macho yangu, mdogo wangu. Ningeunga nyingi.” Akaivaa tena miwani yake. “Nimekusikia. Sasa nenda nyumbani.”

Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Jumapili iliyofuata, kabla ya kundi letu kuondoka, niliwaambia waendeshaji wote, kila mtu akiwa ameshika baiskeli yake. Baadhi hawajarudi kwangu tangu siku ile, na hawajakosea. Mwalimu alinunua baiskeli mahali pengine. Tukikutana njiani huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu ya mwendeshaji kwa mwendeshaji yeyote.

Mara moja tu mkewe Mzee alinipigia simu. Alisema mchuuzi mmoja wa samaki alivunjikiwa na fremu pale pale sokoni, na Mzee, baada ya kukataa siku mbili, akaazima gesi akaiunga. Ilimchukua tangu asubuhi mpaka alasiri, uso ukiwa karibu uungue kwa kuinama. Mchuuzi alipopakia samaki wake na kuondoka, Mzee alimfuata kwa miguu kilima chote, nyuma ya baiskeli, akiitazama fremu, mpaka mchuuzi akaogopa akamuuliza anataka nini.

“Ikashika?” nikauliza.

“Imeshika. Nimekuambia ujue tu,” akasema. “Usije.”

Sikwenda.