Mama Nukta na Matundu Yanayohama

Soketi imegoma. Mwanamke aliyeishika kwa vidole viwili anaielekeza kwenye matundu ya bodi mpya, anasukuma, anaitoa, anajaribu tena. Miguu yake midogo ya chuma ya upande mmoja inaingia. Ya upande wa pili inakwama ukingoni. Anaiweka mezani taratibu, na wanaomfahamu wanajua kwamba utaratibu huo ni hasira.

"Mara ya pili hii," anatuambia sisi wageni wake. "Kwenye kompyuta inakaa sawa kabisa. Njooni mwone wenyewe."

Kazi yake ni kuchora bodi za saketi, yale mabamba ya kijani yaliyomo ndani ya redio na chaja. Anachorea kwenye programu ya bure, mchoro unakwenda kiwandani, bodi zinarudi. Katika karakana ya shemeji yake, mume wa dada yake, wanamwita Mama Nukta, maana hakubali kitu kikae "karibu na" mahali pake.

Bodi hii ni ya friji ya chanjo ya zahanati ya jirani. Ya zamani iliungua, na tangu hapo nesi hubeba chanjo kila jioni kwenda kuzilaza zahanati nyingine. Zikipata joto njiani, zinatupwa.

"Nesi akipiga simu nampa shemeji aongee. Mimi nimeishiwa maneno."

Kisa chenyewe kinachosha kukisimulia, sembuse kuishi nacho. Kila anapozungusha soketi kwenye mchoro, programu hukokotoa upya mahali pa matundu, kisha hukata tarakimu za mwisho za kipimo. Kinachopotea hakionekani kwa macho, lakini mzunguko unaofuata huanzia kwenye kosa la uliotangulia. Haba na haba hujaza kibaba. Methali tuliyofundishwa ili tuweke akiba, hapa imegeuka balaa.

Aliwaandikia watunzaji wa programu, wale wanaoisimamia. Wakajibu kwamba tofauti ni ndogo. Akaandika tena, wakamuuliza kama rula yake ni nzima.

"Ndogo kwa nani? Mguu wa soketi hauna mazungumzo. Unaingia au hauingii."

Shemeji akashauri matundu yapanuliwe, yaishe. "Nikamwambia, shemeji, mlango ukikwaruza sakafu, utachimba sakafu?"

Basi akaingia mwenyewe ndani ya programu, kwa kuwa yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Dawa yake ni fupi: kila mzunguko uhesabiwe kutoka mahali pa asili. "Usizungushe kilichokwisha kuzungushwa. Ndiyo elimu yote."

Tuliporudi baada ya wiki kadhaa, soketi ilikuwa imeingia kwenye bodi ya tatu bila kusukumwa, bodi imefungwa kwenye friji, na chanjo zinalala kwao. Tulitarajia kumkuta anacheka.

Watunzaji wameipokea dawa aliyowatumia, lakini wameiacha imezimwa. Anayeitaka aiwashe mwenyewe. Pembeni wameandika: kwa watumiaji wanaohitaji usahihi.

"Na wengine ni akina nani?" anauliza. "Yupo fundi anayehitaji tundu likae kando?"

Anachotaka sasa ni kimoja, iwe imewashwa tangu mwanzo, kwa kila mtu. Ameshaanza kuandika barua nyingine.

"Nitawaandikia mpaka wanichoke. Wakinichoka, wataiwasha."