Nilifuata Dhahabu Masasi, Nikakuta Nyengo Newala

Niliondoka Tunduru kwa sababu ya mashine. Mchimbaji mmoja aliyekata tamaa alikuwa anarudi kwao, akasema hana nguvu ya kubeba tena kitu kilichomdanganya miaka yote, tukabadilishana: yeye akachukua baiskeli yangu, mimi nikachukua mashine. Ni fimbo ndefu yenye sahani mwishoni. Ukiipitisha juu ya ardhi yenye chuma, shaba au dhahabu, inalia. Wachimbaji wanaiita ditekta. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo sikujua inafanyaje kazi, na hiyo ndiyo sababu niliitaka. Nilizunguka nayo nyuma ya nyumba niliyopanga, nikafukua vizibo vya soda, misumari, na kijiko cha mwenye nyumba. Mwenye nyumba alinishukuru kwa kijiko, kisha akatazama mashimo na kuniomba nitafute pa kuhamia.

Nilikuwa nimesikia kwamba upande wa Masasi Wajerumani walipita na kuacha vitu vyao ardhini, na kwamba mitoni watu huokota chembe za dhahabu. Sikuhitaji kusikia zaidi.

Kwenye basi, kondakta aliuliza kile kitu nilichokifunga kwenye kanga ni nini. Sikutaka maneno mengi, nikasema ni mguu wa bandia. Aliitazama miguu yangu yote miwili, akanipa pole, akanihamishia kiti cha mbele.

Masasi inajitambulisha kwa majabali yake kabla hujaona nyumba hata moja. Nilipata chumba Lisekese kwa mama mmoja mkulima wa karanga, nikaenda kujitambulisha kwa mtendaji wa kijiji. Aliniruhusu kutembeza mashine kwenye mashamba ya watakaokubali, kwa sharti kwamba nikikuta dhahabu nimwite yeye wa kwanza, na nikikuta bomu nisimwite kabisa.

Sikukuta dhahabu wala bomu. Nilikuta majembe yaliyolika, ringi ya baiskeli, na mfuniko wa sufuria ambao wanawake wawili waliugombea ingawa ulikuwa na tundu katikati. Habari zikaenea hata hivyo. Watu walikuja kunitazama nikichimba wakiwa wamebeba viti vyao.

Alfajiri moja alifika mtu wa makamo kwa pikipiki, amevaa koti la suti na kandambili. Alikuwa Andrea, Mmakua wa Lulindi, mzee wa kanisa na mwimbaji wa besi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mashine.

"Hiyo ndiyo inayosikia vyuma?"

"Ndiyo, mzee."

"Na siri inasikia?"

"Siri hapana."

"Afadhali," akasema, akashuka kwenye pikipiki.

Alinieleza jambo lake kwa sauti ya chini. Wamakua na Wamakonde ni watani. Kwenye msiba, mtani ana haki ya kuvuruga: ataigiza matembezi ya marehemu, ataficha kitu cha nyumba, na hakitoi mpaka apewe chochote, kwa kawaida jogoo. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Basi Newala alikuwa amefariki mtu aliyeitwa Baba Tatu, Mmakonde, mkulima wa korosho. Andrea alikwenda mazishini kama mtani na, akiwa amekwisha kunywa uraka, ile pombe ya mabibo, akaificha nyengo ya marehemu. Nyengo ni lile panga lililopinda la kufyekea chini ya mikorosho. Akadai jogoo. Mzee Saidi, kaka mkubwa wa marehemu na msemaji wa familia, akasema jogoo atakuja kesho, na kesho ikawa kesho kutwa. Uraka ulipomtoka Andrea, kumbukumbu ilitoka nao. Hakujua tena ameificha wapi. Alikumbuka tu kwamba aliisukuma kwenye udongo laini.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuchekesha. Lakini katika ukoo ule, siku ya kuanua matanga nyengo ya marehemu hukabidhiwa kwa mpwa wake, na tangu hapo mpwa ndiye msimamizi wa mikorosho. Mpwa, mwalimu Hamisi wa Tandahimba, alikuwa amekwisha kusema kwamba akikabidhiwa atamwachia mjane shamba aendelee kulima na kula. Mzee Saidi yeye alikuwa na msemo mmoja tu: bila nyengo hakuna mrithi, na bila mrithi mikorosho inarudi kwa mkubwa wa familia, yaani kwake. Matanga yalikuwa yaanuliwe Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Kwa nini usiwaambie tu kwamba imekupotea?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asiende kanisani uchi. Mtani aliyeficha kitu ni mtani, akasema. Mtani aliyekipoteza ni mwizi.

Mchana tulipita Lulindi kwake kuchukua mafuta ya pikipiki na kula ugali. Mkewe, Mama Danieli, alikuwa anajua kila kitu na alikuwa anafurahia. Aliniambia kengele ya kanisa ndicho chuma pekee ambacho mumewe hajakipoteza, kwa sababu iko juu na hana ngazi. Andrea akaomba mboga iongezwe.

Baada ya hapo tulipanda uwanda wa juu wa Newala. Barabara inajikunja, upepo unakuwa baridi, na mara unageuka nyuma unaona nchi ya Masasi imelala chini, majabali yake kama mizigo iliyosahauliwa na wenyewe. Mashine nilikuwa nimeilaza mapajani. Kila tuliporuka kwenye shimo na sahani ikakaribia chuma cha pikipiki, ililia, maana nilikuwa nimesahau kuizima. Andrea alitumia mwendo huo kunipangia uongo. Watu wa Newala wasijue natafuta nyengo. Nitakuwa mpima maji.

Ulikuwa uongo mbaya kuliko wote ambao angeweza kuchagua. Newala wamekaa juu na maji yako chini, na vizazi kwa vizazi wanawake wameteremka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani. Tulipofika kwa marehemu, nje kidogo ya mji, Andrea akanitambulisha. Nilikuwa sijamaliza kusalimia, nikaona ndoo ya kwanza inaingia uani. Halafu ya pili. Kabla ya magharibi uani palikuwa na foleni ya ndoo, madumu na beseni moja la kuogea mtoto, na bibi mmoja aliyeshika nafasi ya mbele akikataa kupishana na mtu yeyote.

Mjane mwenyewe, Mama Tatu, alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga kaniki. Alimpokea Andrea kwa utani unaostahili; samaki nchanga, samaki wa mchangani, ni panya wa kuliwa.

"Umerudi, mla samaki nchanga. Panya wa Lulindi wamekwisha?"

"Wapo," Andrea akajibu, "ila wa kwenu wamenona, wanakula korosho."

Mzee Saidi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, barakashia kichwani, uso ameuelekeza shambani. Aliipokea salamu yangu bila kuacha kutazama mikorosho.

Ijumaa asubuhi nilianza kazi. Mashine ililia karibu na jiko. Foleni ikasogea. Nilichimba, likatoka birika la shaba. Bibi wa mbele akainamisha ndoo yake akitazama ndani ya birika, akakuta udongo, akarudi kwenye nafasi yake bila kukata tamaa. Andrea alilitambua lile birika kwa hadithi za kwao. Lilifichwa na marehemu baba yake kwenye msiba wa zamani wa nyumba ileile, na fidia haikulipwa. Akadai jogoo palepale.

Nilidhani watamcheka. Walijadiliana, wakaona ni haki yake, jogoo akaletwa.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Uani kwa Wamakonde hawa palikuwa na misiba mingi chini ya ardhi. Nilifukua kufuli lisilo na ufunguo, pedeli ya baiskeli, na pasi ya mkaa ambayo shangazi mmoja, alipoiona, alikaa chini. Zamani msichana wa kazi alifukuzwa kwa kusingiziwa kuiba pasi ile. Kila chuma kilipotoka, Andrea alisema kilifichwa na baba yake au babu yake, na kila mara akapewa kuku. Alikuwa amewafunga miguu na kuwapanga kivulini, na mimi nikaanza kuamini kwamba amesahau kilichotuleta. Hata Mzee Saidi alicheka. Yeye alikuwa na sababu ya kucheka, kwa maana jua lilikuwa linapanda na nyengo haijaonekana.

Tulipopumzika, Mama Tatu aliniletea maji ya kunywa, akachuchumaa karibu yangu.

"Mwanangu, wewe si mpima maji."

Nikakung'uta udongo kwenye sahani ya mashine.

"Ameipoteza, sivyo?"

Nikanywa maji. Alielewa. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mikorosho ile aliipanda na mumewe, na kwamba mwaka wa kwanza mvua ilichelewa. "Niliinywesha kwa kichwa changu," akasema, akagusa utosi, mahali ndoo inapokaa. "Kila mche. Leo anipe nani ruhusa ya kuokota korosho?"

Alimtazama Andrea pale kivulini akihesabu kuku. Kisha akasema alimwona Andrea siku ile ya mazishi, amesimama anacheka, mikono imejaa udongo mwekundu. Akachota mchanga wa uani kwa vidole, akaumwaga polepole. Ulikuwa wa kijivu, kama majivu.

Udongo mwekundu huko unatoka chini, ukichimba kwa kina. Na siku ile palikuwa na shimo moja tu refu.

Kaburi la Baba Tatu lilikuwa pembeni mwa shamba, chini ya mikorosho yake. Tulikwenda sote, na foleni ya ndoo ikatufuata kwa mpangilio uleule. Nilipitisha mashine upande wa kichwa, kimya. Katikati, kimya. Upande wa miguu ililia kwa nguvu hata kuku waliobebwa na Andrea wakapiga mbawa. Andrea akaweka kuku chini. Kumbukumbu ilimrudia yote, akasema mwenyewe mbele ya watu: wakati wanafukia, aliichomeka nyengo kwenye udongo laini akisubiri jogoo, na wenzake wakaendelea kujaza wakidhani ametania kwa maneno tu.

"Kumbe maji yako kwa marehemu," akasema bibi wa ndoo ya mbele.

Shehe aliitwa. Hakufikiri sana. Kaburi likishasomewa dua halichokonolewi, akasema, hata kwa kijiko.

Mzee Saidi akasogea mbele, akajikung'uta kanzu. "Basi mmesikia. Nyengo haipo mkononi mwa mtu. Hakuna mrithi."

Nilimtazama Mama Tatu. Alikuwa ameshika mti mmoja wa mkorosho, si kwa kuuegemea, bali kama mtu anayemshika mtoto asivuke barabara.

Hapo Andrea alivua koti lake la suti. Alimwomba Mama Tatu kofia ya marehemu, na mtu akakimbia kuileta. Akaivaa imelalia sikio moja, akakohoa kikohozi kikavu, akatembea kuzunguka kaburi akiburuta mguu wa kushoto. Sikumjua Baba Tatu, lakini watu wote walionizunguka walishika midomo. Alikuja mpaka mbele ya Mzee Saidi.

"Kaka Saidi," akasema kwa sauti isiyo yake, "nani amekwambia nimemaliza palizi? Nyengo ninayo. Wote wameisikia. Mtu mwenye nyengo mkononi hajaacha shamba, na mkewe haondolewi, ni nani atampikia mchana? Ukiitaka, njoo uichukue."

Akanyoosha mkono mtupu.

Mzee Saidi aliutazama ule mkono, akatazama kaburi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa taratibu, na utaratibu ulikuwa umemgeukia. Mtani hakasirikiwi, na kaburi halichimbwi. Mama Tatu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wanawake wakamwambia Andrea huyo ni yeye kabisa, hata kikohozi.

"Sawa," akasema Mzee Saidi mwishowe. "Na mwakani nitajuaje kama bado anayo?"

Nilihisi mkono wa Andrea ukiichukua mashine mkononi mwangu kabla sijalielewa swali.

Jumamosi matanga yalianuliwa. Mwalimu Hamisi alifika kutoka Tandahimba na shati lililopigwa pasi, pengine ileile ya shangazi. Mbele ya ukoo mzima alikabidhiwa mashine yangu mahali pa nyengo, kwa mikono miwili, akaipitisha kaburini upande wa miguu, ikalia, na watu wakaitikia kama wanavyoitikia dua. Kisha akamkabidhi Mama Tatu aitunze ndani. Hakuna aliyeniuliza kama ninakubali. Nilipojiuliza mwenyewe, nikakuta nimekubali.

Jumapili Andrea alinishusha Masasi akiwa amechelewa ibada. Alinipa jogoo wa birika, akisema huyo ndiye mwenye historia.

Kwenye basi la kurudi Tunduru nilimkuta kondakta yuleyule. Alitazama mikono yangu, akaona jogoo, hakuona kanga.

"Mguu uko wapi?"

"Nimeuacha Newala."

Akanipa hongera kwa kupona.

Nilikwenda nikidhani kwamba kazi ya kutafuta huisha pale unapokitoa kitu ardhini na kukifuta udongo. Siku hizi naokota vizibo kwa macho tu, na sioni tena kwamba nimepungukiwa. Wiki iliyopita Mama Tatu alinipigia kuuliza mashine inatumia betri gani, kwa sababu sauti yake imefifia. Nilimwambia, nikaahidi kumtumia. Akasema nisisumbuke, Mzee Saidi amekwenda mjini kuzinunua. Kila Ijumaa baada ya swala huja kuazima mashine, huenda nayo upande wa miguu, huisikiliza ikilia, husema, "Haya, mdogo wangu, endelea na palizi," halafu huirudisha na kwenda zake nyumbani.